Mgomo Niliouitisha Kwenye Chumba cha Siki

Kama ndiyo kwanza unanisoma wiki hii, ndugu yangu, habari yangu ni fupi. Nimefukuzwa kazi mara nne, na mara zote nne nilikuwa na haki.

Kiwanda cha biskuti walinifukuza kwa kudai glavu. Kiwanda cha uchapaji kwa kudai dirisha. Ghala la mbolea kwa kuuliza swali mbele ya wageni. Pale pa nne, duka la vipuri, walinifukuza hata kabla sijadai kitu. Meneja alisema, "Wewe sura yako tu inadai." Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, alikuwa anatafuna karanga, na ganda moja lilikuwa limemganda kwenye mdomo wa chini. Sisahau mimi. Kichwa changu hakina mlango wa kutokea.

Mwezi uliopita niliishia mlangoni kwa mama mkwe, mimi na mke wangu, tumeshika begi moja la nguo na boksi la magazeti ya zamani, yale niliyojifunzia sheria za kazi bila mwalimu. Mwenye nyumba wetu alikuwa ametutoa. Mama mkwe alilitazama begi, akalitazama boksi, kisha akanitazama mimi.

"Karibu, mkwe," alisema. "Humu ndani hakuna meneja. Kwa hiyo utapumzika."

Leo naungama mbele yenu. Nilipumzika siku tisa tu.

Mama mkwe alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Miaka thelathini na moja alilisha watoto mia sita kwa kengele. Alipostaafu aliwaachia sufuria zao, kengele akaja nayo. Ikilia mara moja, watu wananawa mikono. Ikilia mara mbili, watu wako kwenye chumba cha siki.

Maana nyumba ile inaishi kwa siki ya matunda. Chumba cha nyuma kina rafu mbili na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha plastiki mpaka chini. Juu yake zimepangwa chupa kubwa za kioo, zile za mdomo mpana, kila moja ya lita kumi. Ndani mna nanasi na maganda yake, au mapera, au maembe, na maji yaliyochemshwa yakapozwa, na sukari. Mdomoni kuna kitambaa cheupe kimefungwa kwa mpira, ili hewa iingie, nzi asiingie.

Wiki mbili za mwanzo, siki inataka kukorogwa asubuhi na jioni kwa mwiko wa mti. Tunda likielea juu bila kulowa linaota ukungu, na chupa yenye ukungu ni ya kumwaga. Baada ya hapo inachujwa, inaachwa itulie kwa wiki kadhaa mpaka iwe kali, ndipo inatiwa vipande vya pasheni au tangawizi ipate harufu yake.

Na kulikuwa na sheria moja ya mama mkwe ambayo sijaikuta kwenye gazeti lolote.

Ukikosa kukoroga mara moja, unailipa chupa faini: kijiko kimoja cha sukari. Tena unaiomba radhi kwa sauti.

"Chupa haina masikio, mama," nilimwambia siku ya kwanza.

"Hata watoto mia sita walikuwa hawana," alinijibu. "Lakini walisikia."

Wafanyakazi walikuwa wawili: mke wangu, na mdogo wake wa kike tunayemwita Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake asubuhi, mchana iko mtaa wa tatu.

Siku ya tisa ndipo nilipoona. Mke wangu alikuwa amechuchumaa sakafuni, beseni la mananasi mbele yake, anamenya. Alikuwa hapo tangu saa moja. Alipotaka kusimama alishika ukuta kama bibi wa miaka themanini.

"Kwa nini humenyi umekaa kwenye kiti?"

"Mama anasema mtu akikaa kwenye kiti anaanza kupiga hadithi."

"Tangu lini unamenya hivi?"

Alifikiri. "Tangu nikiwa na miaka tisa."

"Na chupa hizi, kuna hata moja uliyowahi kuchanganya kwa kichwa chako?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kuficha. "Nimewahi kumwambia tujaribu mapera na mdalasini. Nilikuwa darasa la saba."

"Akasemaje?"

"Akapiga kengele."

Ndugu msomaji, damu ilinipanda. Niliona glavu, niliona dirisha, niliona yule meneja na ganda lake la karanga. Kumbe dhuluma niliyoifukuza miji miwili ilikuwa imeniandalia kitanda, shuka na foronya!

Jioni ile niliitisha mkutano nyuma ya nguo zilizoanikwa. Wajumbe walikuwa watatu.

"Shem, mgomo ndani ya nyumba ya mama?" Redio alinong'ona. Kunong'ona kwake kulifanya jirani afungue dirisha. "Si tutalaaniwa?"

"Laana haina kifungu cha sheria," nikamjibu. "Tunadai mambo matatu. Viti vya kumenyea. Siku moja ya mapumziko kwa wiki. Na chupa moja ya dada yako, ya mapera na mdalasini, yenye jina lake kwenye karatasi."

Mke wangu alikuwa anakunja shuka. "Mwenzangu, kwa nini usiende kuongea naye tu, kama mtoto wake?"

"Viwandani pia walituita watoto."

Alilikunja shuka lile mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele ililia mara mbili. Zilikuwepo chupa kumi na mbili zilizojazwa juzi yake tu. Hakuna aliyeingia chumbani. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu, nikasoma madai kwa sauti, kifungu kwa kifungu.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Unajua Ijumaa ya wiki ijayo anakuja nani?"

Nilijua. Nyumba nzima ilijua. Bwana Afya alikuwa anakuja kukagua, ampe mama kibali cha kuuza siki madukani. Mama alikuwa amekifuatilia kwa miaka miwili.

"Basi na mimi nina dai moja," alisema. "Gomeni mpaka mchoke. Lakini chupa hizi kumi na mbili zikiharibika, wewe mkwe unaondoka. Peke yako. Mwanangu anabaki."

"Mama!" mke wangu alisema.

"Nimesema."

Na hapo ndipo tatizo lilipolala. Mama mkwe akisema, amesema. Wapo watu wazima mjini, wenye vitambi na vyeo, ambao mpaka leo hawajawahi kuonja keki mbele yake kwa sababu mwaka fulani walivunja sahani akawaambia "hamtakula keki tena". Kabla ya adhuhuri Redio alikuwa amekitangaza kiapo kile mpaka kwa muuza mkaa.

"Pole, mkwe," muuza mkaa aliniambia. "Utahamia wapi?"

Siku ya kwanza ya mgomo ilikuwa tamu. Nilikaa barazani nikiwaeleza mke wangu na Redio historia ya mapumziko ya wiki. Ilipofika saa nane mchana, mama mkwe amejilaza, mke wangu na mdogo wake wameaga wanakwenda sokoni, ukimya ukaingia nyumbani.

Na ndani ya ukimya ule nikasikia harufu ya mananasi.

Sasa naungama lile lililonifanya niandike safu ya wiki hii. Wakati ule sikulisema kwa binadamu yeyote. Mimi, mtu niliyelala siku tatu mbele ya geti la kiwanda cha biskuti, mimi niliyemwita baba mdogo msaliti kwa sababu alivuka mstari wetu wa mgomo kupeleka chakula cha paka wa meneja, mimi nilinyata kwa vidole vya miguu nikaingia chumba cha siki, nikashika mwiko, nikakoroga.

Zote kumi na mbili.

Nilivunja mgomo wangu mwenyewe, saa nane na robo, siku ya kwanza.

Nilijiambia ni kwa sababu ya mke wangu. Chupa zikiota ukungu, ananipoteza. Au mimi nampoteza, kutegemea nani anahesabu hasara. Nikafikiri: zimekosa kukorogwa asubuhi, na jioni pia zitakosa. Faini ni vijiko viwili kila chupa. Nikatia. Kisha, kwa aibu ambayo bado inaniwasha masikio, nikainama.

"Samahanini," nikaziambia.

Zilinijibu kwa viputo.

Nikafanya hivyo Jumanne, na Jumatano, na siku zilizofuata. Hadharani nilikuwa simba. Kengele ikilia nakunja mikono kifuani. Saa nane mchana nakuwa paka wa jikoni.

Siku moja mama mkwe alisimama mbele ya gunia la sukari, akakuna kichwa. "Sisimizi wa mwaka huu," alisema, "wana mabega."

Sikusema kitu. Mke wangu pia hakusema kitu. Redio, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, naye hakusema kitu. Hapo nilipaswa kushtuka. Lakini mtu mwenye siri huwa hana nafasi ya kusikia siri za wenzake.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya Bwana Afya. Niko chumbani, mwiko mkononi, chupa ya tano, nasikia hatua. Sikuwa na pa kwenda. Nikaingia chini ya meza, nikashusha kile kitambaa cha plastiki.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Miguu ikaingia. Niliijua: ni miguu niliyoivalisha viatu vya harusi.

Kijiko kiligonga kioo. Ngri. Ngri. Sukari inamiminika. Kisha sauti ya mke wangu, ndogo, ya kuomba: "Samahanini jamani. Mume wangu si mbaya. Ana hasira za zamani tu."

Nilitamani kutoka nimkumbatie. Lakini hatua nyingine zikasikika nje, na mke wangu, kama mtu aliyefundishwa jeshini, alijitupa chini ya meza.

Tukatazamana. Pua kwa pua.

"Wewe?" akasema kwa midomo tu.

"Wewe?" na mimi.

Mlango ukafunguliwa tena. Aliyeingia alikuwa anahema kama aliyekimbia. Akakoroga harakaharaka, huku anaongea mwenyewe: "Samahani chupa ya kwanza, samahani ya pili, ya tatu samahani sana jana nilikumwagia nje, usimwambie mama..."

Redio. Hata toba yake ilikuwa matangazo.

Zikaja hatua za tatu. Nzito, zenye kandambili. Redio aliruka chini ya meza, akaona watu wawili tayari wako ndani, akafungua mdomo. Mke wangu akauziba kwa kiganja. Ndiyo mara pekee katika maisha yake Redio kuzimwa hewani.

Kandambili zikasimama inchi mbili kutoka usoni kwangu.

Sikilizeni. Mkwe hajifichi chini ya meza ya mama mkwe wake. Jambo hilo halijaandikwa popote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba litahitaji kuandikwa. Nilifumba macho nikawa mdogo kama kidonge.

Juu yetu mwiko ukaanza kuzunguka, taratibu, kwa mkono wa aliyezoea.

"Samahanini, wanangu," mama mkwe alisema. "Hawa wamewatupa. Si kosa lenu." Kijiko. Sukari. Kijiko. Sukari. "Na yule mkorofi, ana haki kidogo. Lakini nikimwambia ana haki, atanipanda kichwani." Mwiko ukazunguka. "Mapera na mdalasini. Mtoto alikuwa darasa la saba. Sijui kwa nini nilikataa. Nilikuwa nimechoka siku ile."

Mkono wa mke wangu ukanishika kifundo, ukabana. Sikumtazama. Nilijua nikimtazama tutaharibikiwa wote.

Kandambili zikaondoka.

Tulikaa pale chini kama wafu watatu waliokutana njiani.

"Shem," Redio akasema hatimaye, "na wewe umekuwa unatia sukari?"

"Vijiko viwili kila chupa. Kila siku."

"Na mimi viwili," mke wangu akasema.

"Na mimi viwili," akasema Redio. "Na mama viwili."

Siku kumi na moja. Watu wanne. Nilijifunza hesabu mwenyewe, lakini hii hata mjinga angeiona: vijiko themanini na vinane. Kila chupa. Juu ya sukari ya mwanzo.

"Si siki inatokana na sukari?" nikasema. "Basi itakuwa siki zaidi."

Mke wangu alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayepanga safari. "Sukari haigeuki siki moja kwa moja," alisema. "Kuna pahala inapitia kwanza."

"Twende tumwambie mama," Redio akasema.

Nikakataa. Ndiyo, mimi nilikataa. Kumwambia ni kukiri kwamba mgomo haukudumu hata kwa muda wa saa nane. Ni kukiri kwamba tulimsikia akijikosoa. Nilisema tusubiri, huenda yule Bwana Afya asizionje chupa zile. Kwa kiburi kile wote watatu tukalala, na kesho yake jua likachomoza kama kawaida.

Bwana Afya alifika Ijumaa saa tisa alasiri. Mwanamume mwembamba, mpole, faili kwapani na kalamu imefungwa kwa kamba shingoni. Alinawa mikono bila kuambiwa. Mama mkwe alimpenda hapohapo.

Alianza na siki za zamani, zilizokwisha kutulia na kutiwa pasheni. Alizionja kwa kijiko, akafumba jicho moja. "Mama, hii ni safi kabisa. Kali, inanukia, haina uchafu." Akaandika. Mama mkwe alikaa wima kama siku ya mahafali.

"Na hizi zinazochacha?"

"Hizo bado changa," nikasema haraka. Kila mtu akageuka. Nilikuwa nimesahau kwamba niko kwenye mgomo na siki hainihusu.

"Changa ndizo zinazosema ukweli wa jiko," Bwana Afya alisema, akafungua kitambaa cha chupa ya nanasi.

Povu lilipanda lenyewe, kwa furaha. Akachota robo kikombe. Akanusa. Akanywa. Akatazama dari.

Kisha akatafuta kiti.

"Mama," alisema kwa upole sana, "hii siki inacheka."

"Kucheka vipi?"

"Onja."

Mama mkwe hajawahi kugusa kilevi. Kwenye harusi yetu alinusa hata soda kabla ya kunywa. Alichota kikombe kizima, kama mtu anayelinda heshima ya kazi yake, akakimaliza. Akakunja uso. Akachota cha chupa ya mapera. Kilipoisha, uso ulikuwa umekunjuka.

"Mbona nzuri?" alisema.

"Ndiyo tatizo, mama." Bwana Afya alijifuta paji la uso. "Hii ni pombe. Lita mia na ishirini za pombe, nyumbani, bila kibali."

Redio alianza kulia, na ndani ya kilio chake akatoa kila kitu: mwiko, vijiko, meza, miguu, sisimizi. Mke wangu akakiri. Na mimi nikakiri, nikiwa nimesimama, maana sijui kukiri nimekaa.

Mama mkwe alitusikiliza. Akahesabu kwa vidole. Aliponifikia mimi alitikisa kichwa. "Kumbe na wewe? Simba wa barazani?"

"Tangu saa nane ya siku ya kwanza, mama."

Alitoa kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Sijui kilikuwa chake au cha nanasi.

Bwana Afya alikohoa. "Mama, nisikilize vizuri. Mimi si mtu mbaya, na nimekwisha kuipenda siki yako. Sheria yangu ina njia mbili. Kitu kikiharibika kwa bahati mbaya, naandika 'kimeharibika', tunakimwaga wote hapa, kibali chako kinaendelea, naondoka. Lakini kama kitu ni kizima, na ni pombe, mwenye mali naondoka naye akatoe maelezo ofisini, na kibali kinasimama." Akashika kalamu. "Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu. Zimeharibika, au hazijaharibika?"

Viputo tu ndivyo vilivyoongea chumbani.

Mnaona mtego wenyewe? Neno moja, "zimeharibika," na mama mkwe anapata kibali chake cha miaka miwili. Kwa neno hilohilo anaondokana na mkwe mkorofi, bila hata kugombana, kiapo kikiwa shahidi. Ndege wawili, jiwe moja, na jiwe lenyewe amepewa na serikali.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ametazama sakafu, mahali pale pa kuchuchumaa.

Sikusubiri. Nilijisemea, angalau mara hii nijifukuze mwenyewe.

"Zimeharibika," nikasema. "Andika, Bwana Afya. Mimi ndiye niliyeziharibu. Nakwenda kuchukua boksi langu."

"Nani amekuuliza wewe?" Mama mkwe alisimama. Alishika meza, kwa sababu meza ilikuwa imeanza kutembea. "Chupa ni za nani?"

"Zako, mama."

"Basi nyamaza." Akamgeukia Bwana Afya. "Andika kwa herufi kubwa. Hazijaharibika."

"Mama!" mke wangu akapiga kelele. "Si utachukuliwa?"

"Nilisema zikiharibika anaondoka. Nimezionja kwa kinywa changu, na hazijaharibika. Zimechangamka." Alifunga kitambaa cha chupa ya mapera polepole, akaurudisha mpira mahali pake. "Mimi sijawahi kurudisha neno, na sitaanza leo kwa ajili ya karatasi. Redio, lete mkoba wangu. Na wewe mwanangu, Jumatatu nunua mdalasini."

Mke wangu akakaa chini palepale sakafuni, akajifunika uso.

Mimi nilibaki nimesimama. Nina kumbukumbu ya kila aliyenionea, kwa siku na kwa saa, mpaka alichokuwa anatafuna. Lakini mtu wa kunitetea, tena mwenye haki zote za kunitupa nje, sikuwa na mahali pa kumweka. Nilitafuta neno la kumwambia nikakuta kichwani mwangu mmejaa madai tu.

Nilipozinduka, walikuwa wamekwisha fika barabarani. Gari la Bwana Afya lilikuwa dogo, jeupe, lenye vumbi. Nikasikia mama mkwe akisema, "Nakaa mbele. Nyuma kunanichefua."

Mlango wa gari ukafungwa.

Ndipo nikafanya kitu pekee ninachokijua maishani. Nilikimbia, nikapita mbele ya gari, nikalala chali mbele ya tairi na kutandaza mikono.

"Gari haliondoki!" nikapiga kelele.

Milango ya mtaa ikafunguka. Muuza mkaa akaacha mizani. Mke wangu alikuja mbio, akanitazama pale chini, akatazama gari, kisha akakusanya gauni lake na kulala kando yangu. Redio alisimama juu yetu akianza kuwaeleza majirani tangu mwanzo.

Kichwa cha mama mkwe kikatokea dirishani. "Mkwe! Inuka hapo, unanitia aibu! Na suruali hiyo nani ataifua?"

"Siinuki, mama! Kwanza ushuke!"

"Mama," nilimsikia Bwana Afya akiuliza kwa ile sauti yake ya upole, "hawa watu wako nifanye nao nini?"

Alifikiri. Ndugu yangu, alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Juu yangu niliona mbingu na sehemu ya chini ya bampa la gari, ambako fundi fulani alikuwa ameandika namba kwa rangi ya njano.

Kisha mama mkwe akajibu kitu kwa sauti ndogo, ambacho sikukisikia.

Na gari likawashwa.